Jeki ya kunasulia gari: tani ziangalie mwisho

Dada mmoja wa Moshi, dereva na mwongozaji wa watalii, ameniletea swali ambalo wengi huniuliza wakiwa wameshanunua. Amejipatia Land Cruiser ya zamani ya dizeli, iliyorefushwa, viti saba na paa la kuinuka. Anapeleka wageni Tarangire na Ndutu, na mara mojamoja Ziwa Natron. Ndani ya gari amekuta jeki fupi ya chupa. Kijiweni wamemchanganya: mmoja anamwambia anunue jeki ndefu, zile zinazofungwa kwenye bampa, wa pili anasifia jeki ya puto inayojazwa kwa moshi wa ekzosi, wa tatu anasema abebe jeki ya lori ya tani 20, habari iishe. Mwishoni ameongeza kwamba ana kilo 58, na kwamba safari nyingi hana msaidizi.

Marahaba dada, na hongera kwa gari. Hayo mawili uliyoyaweka mwishoni kama nyongeza yana uzito kuliko tani zote za kijiweni. Nitayarudia.

Kwanza tuzitoe hizo tani njiani. Kruza yako ikiwa na wageni, mizigo, mafuta na maji ya kunywa, tuseme ina tani tatu na ushei. Gurudumu moja la nyuma linabeba tani moja, labda na robo. Matope nayo yananyonya, kwa hiyo gurudumu lililozama linavuta zaidi ya uzito wake. Hata ukijumlisha hayo, jeki ya tani tano inatosha na chenji inabaki. Ile ya tani 20 itakupa nguvu usiyoihitaji, nayo ni nzito kubeba, na kila ukipampu inapanda kidogo mno. Waachie wenye malori.

Gari halibaki porini kwa sababu jeki imekosa nguvu. Linabaki kwa sababu jeki imezama, au imekosa pa kushika, au haikuingia chini kabisa. Tena tuelewane jambo moja: jeki haichomoi gari. Kazi yake ni kunyanyua gurudumu kutoka kwenye shimo lake ili upate kulijaza lile shimo kwa mawe, magogo au bati za mchanga, kisha uliteremshe juu yake uondoke. Ukiliona hivyo, swali lako linabadilika. Badala ya kuuliza jeki ipi ina nguvu, utauliza: itasimama juu ya nini, na itashika wapi?

Tuanze na inasimama juu ya nini, maana hapo ndipo watu wanaposhindwa. Tairi lenye upepo wa psi 35 linakandamiza ardhi kwa karibu kilo mbili na nusu kwa kila sentimeta ya mraba. Kwa mkandamizo huo limeshazama. Sasa chukua jeki ya chupa yenye kitako cha sentimeta 12 kwa 12 uipe tani moja: inakandamiza kwa kilo saba. Kama ardhi imeshindwa kulibeba tairi, itaibebaje jeki? Utapampu, utaona mhimili wa jeki unapanda, utafurahi, kumbe gari liko palepale na chupa ndiyo inayoshuka. Kitako cha jeki ndefu nacho hakizidi sana. Ni kipana kidogo tu, chini ya sentimeta za mraba 200.

Weka chini ubao wa sentimeta 40 kwa 40 na hesabu inageuka. Tani ileile moja inatawanyika juu ya sentimeta za mraba 1,600, yaani kilo 0.6 hivi kwa kila moja, robo ya mkandamizo wa tairi. Ndiyo maana kabla hujatoa shilingi moja kununua jeki nakwambia uende kwa seremala. Mwambie akukatie mkongo au mninga mkavu wenye unene wa inchi mbili, usio na ufa. Halafu pita kwa mchomeleaji, pale Unga Limited ya Arusha au Pasua ya Moshi hawakosekani, akufungie juu yake kipande cha chuma cha milimita 6 chenye ukingo mdogo pande zote nne, ili kitako cha jeki kikae katikati kisiteleze. Toboa tundu kwenye kona na upitishe kamba ya katani. Utaielewa hiyo kamba siku ubao utakapomezwa na udongo mweusi wa Tarangire, ule wa mbuga, na gari limeshatoka linakusubiri.

Sasa, jeki ya chupa. Ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa mtu anayefanya kazi peke yake, kwa sababu haijali kilo zako. Mafuta ndani yake ndiyo yanayofanya kazi. Mtoto wa sekondari anainua tani mbili nayo bila kutoa jasho. Tena inakaa chini ya ekseli, kwa hiyo unachokiinua ni gurudumu lenyewe. Shida yake ni urefu wake ikiwa imeshuka. Tufanye hesabu pamoja. Tairi la 7.50R16 lina kimo cha karibu sentimeta 80, hivyo sehemu ya chini ya bomba la ekseli iko kama sentimeta 35 kutoka ardhini gari likiwa pakavu. Gurudumu likizama sentimeta 20, difu limekaribia kugusa matope na chini ya bomba la ekseli umebakiwa na sentimeta 15. Jeki ya tani tano au sita ikiwa imeshuka ina sentimeta 21 au 22, ongeza ubao wa tano. Unahitaji 27, unazo 15. Maana yake utachimba, na beleshi ni sehemu ya jeki kama ulivyo mpini wake. Chimba shimo pana la kukaa ubao ukiwa bapa kabisa. Ubao ukilala upande, jeki nayo inalala, na jeki ya chupa iliyoinama ndiyo inayoruka kama ndizi iliyokanyagwa.

Usishawishike kuiweka chini ya chesisi eti huko kuna nafasi zaidi. Chesisi inapanda, springi zinajinyoosha, gurudumu linabaki limelala matopeni kana kwamba hakuna kinachoendelea. Unaweza kuinua mwili wa gari kwa kimo cha mkono kabla tairi halijatikisika. Huo wote ni upampaji wa bure, na gari limeshakuwa refu juu ya kitako chembamba. Na wewe una sababu ya ziada: gari lako limerefushwa. Chesisi yake ilikatwa, ikaongezwa kipande, ikachomelewa. Jipinde chini uitafute hiyo sehemu ya kuunga, uipake rangi nyekundu, na pasiwepo na jeki ya aina yoyote itakayoigusa hapo.

Naja kwenye jeki ndefu. Ilizaliwa Bloomfield, Indiana, huko Marekani, mwaka 1905, kwa ajili ya kazi za shambani, na umbo lake halijabadilika sana tangu hapo: nguzo ya chuma yenye matundu, mashine inayopanda tundu kwa tundu kwa pini mbili, ulimi wa kubebea mzigo na mpini mrefu. Zinatoka kwa inchi 36, 42, 48 na 60. Ya inchi 48, ambayo wengi wanabeba, ina uzito wa kilo 13 hivi na imepewa uwezo wa kilo 2,100 na kitu. Sifa yake kubwa ni kwamba inainua kutoka chini sana hadi juu sana, inafanya kazi hata kama inasimama kwa pembeni ya gari, na inaweza kutumika kama winchi ya mkono ukiwa na mnyororo. Kwa gari lililokalia tumbo, ambapo hata beleshi halipenyi, hakuna inayoishinda.

Lakini ni jeki yenye hasira, na hapa nitakawia kidogo.

Kupanda kwake ni rahisi kueleweka: unashusha mpini, unasikia pini inaingia tundu la juu, mlio mmoja mkavu; unainua mpini, mlio mwingine. Milio hiyo miwili ndiyo mawasiliano yako na jeki. Usiposikia mmojawapo, simama, usiongeze nguvu. Kuna vumbi au kokoto imezuia pini isiingie mwisho, na mzigo wote umebaki kwenye pini moja. Kinachovunja watu taya ni kushusha. Ili kushusha unasimamisha mpini wima kabisa, sambamba na nguzo, halafu unageuza kikomeo kwenda chini. Kuanzia hapo, kila mpini unaporudi juu, uzito wa gari ndio unaousukuma. Mkono ukiteleza, mpini unaanza kupampu wenyewe, juu chini, kwa kasi ambayo huwezi kuidaka, mpaka gari lifike chini. Basi shika kwa mikono miwili, simama pembeni, na kichwa chako kisipite kamwe kati ya mpini na nguzo, hata kwa sekunde ya kuchungulia. Na jambo ambalo wengi hawalijui: mashine hii inahitaji mzigo ili ishuke hatua kwa hatua. Uzito ukipungua chini ya kilo 68 hivi, haishuki hatua, inaporomoka.

Kuna pia boliti ndogo iliyowekwa makusudi ikatike mzigo ukizidi mno. Ikikatika, mafundi wetu wenye huruma hubadilisha wakaweka boliti ngumu ya injini. Jeki inaonekana imepona, kumbe kilichoondolewa ni kinga. Ukinunua ya mtumba, angalia hapo kwanza.

Turudi kwa kilo 58. Mzigo ukikaribia tani moja, mpini wa jeki ndefu unataka uuegemee kwa mwili, hautoshi mkono peke yake, na ukiegemea juu ya matope miguu ndiyo inayoteleza. Sikwambii huwezi, wapo akina dada wanaoitumia vizuri kuliko wanaume wenye kifua. Nakwambia tu kwamba saa kumi jioni, mvua inanyesha, wageni wanakuangalia, utatamani jeki isiyokuuliza uzito wako.

La pili kuhusu jeki ndefu ni pa kushika. Ilitengenezwa kushika ukingo wa chuma ulio bapa. Angalia bampa la nyuma la gari lako. Kama ni bomba la duara, kama yalivyo mengi ya Arusha, ulimi wa jeki unakaa juu ya mviringo na unasubiri gari liyumbe kidogo tu. Kama ni bati lililofungwa kwa boliti mbili, litang'oka. Ukitaka kuibeba jeki hii, mchomeleaji akuwekee vituo vinne, viwili mbele na viwili nyuma, vya chuma cha pembe nne chenye tundu ambamo ulimi unaingia kabisa, na vishikwe kwenye chesisi siyo kwenye bampa. Kwa ubavuni achana nayo. Kwenye magari yetu ya watalii nguzo itasugua bodi na dirisha.

Kuna njia nzuri zaidi, na hii ndiyo inayoniuzia jeki ndefu: mkanda wenye kulabu mbili. Kulabu zinaingia kwenye matundu ya rimu za chuma, mkanda unaning'inia kwenye ulimi wa jeki, na unainua gurudumu lenyewe moja kwa moja. Hakuna kuchimba chini ya ekseli, hakuna springi za kunyoosha kwanza. Gurudumu linatoka matopeni kwa vidole vichache, unajaza mawe, unashusha. Kama rimu zako ni za kawaida zenye matundu, mkanda huu una faida kuliko jeki yenyewe.

Jeki ya puto sitaikawiza. Kwa matope matupu ni fikra nzuri sana: ni mfuko mpana wenye kitako kikubwa, hauhitaji ubao, hausumbui mtu mwenye kilo chache, na mkandamizo wake kwa ardhi ni mdogo kuliko wa tairi. Pembezoni mwa ziwa Ndutu, pale ambapo juu pamekauka kama chapati na chini ni uji wa magadi, ungekufaa. Lakini fikiria mazingira yetu. Migunga inadondosha miiba kila mahali. Chini ya Kruza ya zamani kuna boliti zilizochongoka na ekzosi inayochoma, hivyo lazima utandike turubai nene au zulia la gari chini na juu ya mfuko. Ekzosi yako ikiwa na tundu, au bomba lake likiwa limekatwa likaishia kabla ya gurudumu la nyuma, mfuko haujai. Na mfuko ukijaa unayumba. Unaufanyia kazi ya kujaza mawe, lakini kubadilishia tairi juu yake ni kujitafutia. Ni jeki ya pili au ya tatu kwa mwenye pesa, siyo ya kwanza.

Kwa hiyo ningekuwa wewe, ningefanya hivi. Jeki mbili za chupa, za tani tano au sita, zinazoshuka chini kadiri unavyoweza kuzipata na zenye skrubu ya kurefushia juu. Mbili, kwa sababu ukishainua kwa moja na shimo likawa refu, ya pili inaingia juu ya mawe uliyojaza, na unaendelea bila kushusha ulichokipata. Ubao mmoja mkubwa kama nilivyoeleza na mwingine mdogo. Beleshi la mpini mfupi. Panga unalo. Kwa Tarangire na Serengeti wakati wa msimu mkubwa, hiyo inazidi hata mahitaji, maana ukweli ni kwamba humo ukikwama unaita kwa redio, mwenzako anakuja na mkanda wa kuvutia, anakuvuta. Tena kanuni za hifadhi hazikuruhusu kushukashuka ovyo, na simba hasomi kanuni. Jeki ndefu na mkanda wa kulabu viongeze pale utakapoanza kwenda Natron, Eyasi au Simanjiro mara kwa mara, hasa kati ya Machi na Mei, ambapo gari la pili linaweza kupita kesho. Na kwenye makorongo ya mchanga kuelekea Engaresero, kabla ya kugusa jeki yoyote punguza upepo mpaka 15. Nusu ya magari yanayosubiri jeki kule yanasubiri upepo kupunguzwa.

Dukani usinunue jeki ya chupa kwa kusoma namba ya tani iliyoandikwa ubavuni. Rangi ni rahisi. Muombe muuzaji akuruhusu uiweke chini ya gari lililoegeshwa hapo nje, uinue mpaka gurudumu liachane na ardhi, weka alama ya chaki kwenye mhimili wa jeki, halafu mle mhogo wa kukaanga taratibu. Ukirudi alama imeshuka, sili zimekwisha au hazikuwahi kuwa nzuri. Pitisha kidole kuzunguka mhimili: ukilowa mafuta, rudisha. Fungua valvu ya kushushia kidogokidogo. Nzuri inashuka polepole kadiri unavyofungua, mbovu inaanguka.

Kabla ya kupampu popote, habu za mbele zifunge, weka 4L (magurudumu manne, gia nzito) na gia ya kwanza, injini ikiwa imezimwa, breki ya mkono juu, na mawe mbele na nyuma ya magurudumu yaliyo pagumu. Wageni wateremke wasimame mbali, upande wa juu kama kuna mteremko. Ukishainua, mkono wako hauingii chini ya tairi. Jiwe linasukumwa kwa beleshi. Na tairi la akiba lilaze chini ya chesisi, ili jeki ikiteleza gari liangukie mpira.

Vumbi la majivu ya volkano kutoka Ol Doinyo Lengai linaua jeki ndefu kuliko mvua. Ukiifunga nje, ivalishe ile mashine kipande cha tyubu ya lori, ukikaze juu na chini kwa mpira. Ioshe kwa dizeli na brashi kila urudipo, kisha matone machache ya mafuta ya cherehani. Grisi usiipake kabisa, inakusanya vumbi na kugeuka msasa. Za chupa zibebe ndani, zimesimama wima, valvu imefungwa.

Hiyo uliyoikuta ndani ya gari usiiuze. Kama ni ya Toyota yenyewe, ipeleke kwa fundi wa haidroliki abadilishe sili na mafuta, na tayari unayo moja kati ya zile mbili. Ila mwulize aliyekuuzia gari vyuma vyake vya kusukumia viko wapi, vile vinavyoungana vitatu. Hivyo ndivyo hupotea kwanza, na bila hivyo itabidi ulale kifudifudi matopeni ili ufikie pampu.